Hina Ikolee Bila Kuunguza Ngozi

Bibi harusi alifika kliniki ya ngozi siku ya tisa baada ya kupambwa, mikono yake ameifunika kwa mtandio. Alipoifunua, maua yalikuwa bado yanaonekana, ila hayakuwa tena ya rangi. Kila jani na kila kikonyo cha mchoro kilikuwa kimeinuka juu ya ngozi, kimevimba na kujaa malengelenge, kana kwamba mchoraji alitumia kaa la moto badala ya koni. Shangazi aliyemsindikiza ndiye aliyeanza kusema. “Daktari, mwanangu, sisi tulitaka tu ikae. Hina nyekundu ingefubaa kabla fungate haijaisha.”

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyasikia huona kwamba lawama kidogo inatuangukia sisi wahudumu wa afya. Tumekuwa hodari wa kukataza piko, na wazito wa kujibu swali linalowapeleka watu kwenye piko: hina ya asili ifanyweje ikolee na idumu? Swali hilo tumeliona ni la urembo, si la hospitali. Maoni yangu ni kwamba ni la hospitali, na kwamba muuguzi anayeweza kulijibu vizuri atawakinga watu wengi zaidi kuliko anayesema “acheni” peke yake.

Jibu linaanzia ndani ya ngozi yenyewe. Jani la mhina, ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis, lina kemikali iitwayo lawsoni. Jani likisagwa na kuchanganywa na maji yenye uchachu, kemikali hiyo hutoka, ikapenya katika tabaka la juu kabisa la ngozi na kushikamana na protini ya keratini iliyomo katika chembe zilizokwisha kufa. Haikai juu kama rangi ya kucha, wala haiingii chini kama chale. Kwa hiyo hudumu kadiri chembe hizo zinavyodumu. Ngozi hupukutisha chembe zake kila siku, na tabaka hilo la juu hujibadilisha lote katika muda wa wiki mbili hivi. Kwenye viganja na nyayo ni nene zaidi, ndiyo maana hina hukolea pale kuliko mahali pengine popote. Mchoro uliotunzwa vizuri hukaa wiki moja hadi tatu. Mtu akiahidi zaidi ya hapo kwa hina tupu, ama hajui anachouza, au anajua na hasemi.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba rangi ya mwisho haionekani siku ya kwanza. Hina ikikwanguliwa huacha rangi ya chungwa. Hewa huendelea kuifanyia kazi lawsoni iliyoshika katika ngozi, na baada ya saa 24 hadi 48 rangi hiyo hugeuka nyekundu iliyoiva, kisha kahawia. Hapa ndipo haraka inapoharibu mambo. Bibi harusi hupambwa usiku wa kuamkia sherehe, asubuhi familia inaona rangi ya chungwa, mama anasikitika, mtu anatumwa dukani kununua piko. Laiti wangelianza siku mbili kabla, pasingekuwa na haja ya kumtuma mtu. Bibi harusi wa Jumamosi na apakwe Alhamisi.

Wazee wa pwani walilijua hili bila ya maabara. Hina ya bibi harusi ilikuwa shughuli ya siku kadhaa, ikipakwa, ikifungwa kwa vitambaa, ikirudiwa, huku wanawake wakizungumza na kuimba. Kilichobadilika ni subira yetu, na pia, tusidanganyane, hesabu ya fedha. Mchoraji mwenye wateja ishirini mkesha wa Idi hawezi kumkalisha kila mmoja usiku kucha. Piko humaliza kazi kwa saa moja.

Sasa nieleze namna ya kuifanya hina ikolee, kwa kuwa ndiyo haja ya msomaji. Unga uwe mpya, wa rangi ya kijani na wenye harufu ya majani makavu. Unga uliogeuka kahawia umekwisha nguvu. Uchekeche kwa kitambaa chepesi ili koni isizibe. Ukande kwa maji ya ndimu au chai ya rangi iliyopoa, uongeze sukari kidogo ili uji ushike ngozi usipasuke unapokauka, kisha uufunike na kuuacha mahali pa joto kwa saa sita hadi kumi na mbili. Katika joto letu la pwani muda mfupi hutosha. Ili kujua kama uko tayari, weka tone kiganjani kwa dakika chache: likiacha doa la chungwa, paka. Wapo wanaoongeza mafuta ya karafuu au ya mkaratusi, na ni kweli husaidia rangi kutoka. Lakini ni matone machache kwa bakuli zima, kwani mafuta ya karafuu yakizidi huwasha ngozi, na mjamzito na mtoto ni heri wayakose kabisa. Mafuta ya taa na petroli, ambayo pia hutiwa na baadhi ya wachoraji, hayana nafasi yoyote juu ya ngozi ya mtu.

Ngozi ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, isipakwe mafuta kabla, maana mafuta huizuia hina isipenye. Uji ukishapakwa ubaki saa sita hadi nane, au hadi asubuhi. Unapoanza kukauka, gusagusa juu yake kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari ili usidondoke, halafu ufunge kwa kitambaa. Joto la mwili litafanya kazi yake. Hilo la ndimu lifanyike ndani ya nyumba. Maji ya ndimu yakiachwa kwenye ngozi iliyo juani huweza kuibabua, na nimewahi kuona mtu akiilaumu hina kwa kosa la ndimu.

Wakati wa kuiondoa, kwangua, usioshe. Maji yasiguse mchoro hadi kesho yake ikiwezekana. Najua kwamba mwenye kusali hana budi kutawadha, na wanawake wengi kwa sababu hiyo huchagua siku ambazo hawasali ili kuifunga hina kwa utulivu. Hiyo ni busara ya zamani isiyohitaji kusahihishwa na daktari. Baada ya hapo, kupaka mafuta ya nazi kabla ya kuoga na kabla ya kuosha vyombo hupunguza kupukutika. Dodoki, jiwe la kusugulia, dawa ya kufanyia weupe nguo, maji ya bwawa la kuogelea na vitakasa mikono vyenye spiriti hufubaza hina haraka. Muuguzi anayetakasa mikono mara hamsini kwa siku asishangae maua yake yakiondoka mapema, wala asiache kutakasa kwa ajili yake.

Hayo yote ni kazi ya siku mbili na subira kidogo. Tuitazame basi njia ya mkato. Piko inayopakwa mwilini kwetu kwa kawaida ni rangi ya nywele, yenye kemikali ya parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, ama peke yake au ikiwa imechanganywa na hina. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu si zaidi ya asilimia 2 ya kemikali hiyo katika rangi inapopakwa kichwani, ambako huoshwa baada ya dakika chache. Kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi. Baadhi ya sampuli za hina nyeusi zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na zaidi ya asilimia 15, nazo huachwa zikauke juu ya ngozi. Sudan, nchi inayoipenda hina pengine kuliko sisi, madaktari wake wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya watu waliovimba koo na kuharibika figo kwa sumu hii, wengi kwa kuinywa na wengine kwa kuichanganya na hina.

Kauli ninayoisikia mara kwa mara ni hii: “Nilipaka mwaka jana, sikudhurika.” Mzio hauendi hivyo. Mara nyingi mwili hujifunza kuichukia PPD kimyakimya mara ya kwanza, na huchukua siku saba hadi kumi na nne kujifunza. Mara ya pili hauhitaji tena kujifunza. Muwasho na malengelenge huja ndani ya siku moja hadi tatu. Na mzio huo ukishaingia hautoki. Msichana aliyechorwa mkono akiwa na miaka kumi na minane huenda asiweze kupaka rangi ya nywele akifika hamsini, na huenda akasumbuliwa na rangi za baadhi ya vitambaa, mpira mweusi, au dawa ya ganzi ya benzokaini. Kwenye ngozi yetu nyeusi uvimbe ukipoa huacha mchoro wa madoa meusi au meupe kwa miezi mingi, na wengine hubaki na makovu yaliyoinuka. Hakika piko imekaa, ila si kwa namna iliyokusudiwa.

Kuitambua si vigumu. Hina hainunuliwi na chupa ya pili ya maji ya kuchanganyia. Uji wake ni wa kijani au kahawia, si mweusi, na haiachi rangi nyeusi ndani ya saa moja kwa mtu yeyote.

Sipendi hata hivyo kuisifu hina ya asili kupita kiasi. Kuna kundi moja ambalo kwalo hata hina safi ni hatari: watoto, hasa wachanga, wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huu huonekana zaidi kwa wavulana na ni wa kawaida katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwemo. Lawsoni hupenya ngozi laini ya mtoto na kuzivunja chembe nyekundu za damu, kama zinavyoweza kufanya dapsoni na primakwini. Mtoto hupauka, macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai, na wapo waliopoteza maisha. Kwa kuwa wazazi wengi hawajui hali ya mtoto wao, ushauri wangu ni kutompaka kabisa mtoto mchanga, hata kidoleni, hata siku ya Idi, na kutompaka mtu yeyote mwenye upungufu huo. Bibi akisema wajukuu wake wote walipakwa na wakakua, asikilizwe kwa heshima, kisha aelezwe habari ya mkojo mweusi. Nimeona mabibi wakielewa upesi kuliko baba za watoto.

Kwa wenzangu wa zahanati nina neno la pembeni. Tumefundishwa kutafuta upungufu wa damu kwa kutazama kiganja cha mtoto. Kiganja chenye hina hakisemi kitu. Tazama ndani ya kope. Na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma visivyo kwenye kucha nyeusi ya piko, hamishia kwenye kidole kisichopakwa au ndele ya sikio kabla hujamkimbiza mgonjwa wodini.

Wapo wenzetu wanaotaka piko ipigwe marufuku. Sipingi sheria, lakini bidhaa ile ile huuzwa kihalali kwa ajili ya nywele katika kila duka la vipodozi, na hakuna askari atakayesimama kwenye mlango wa chumba cha bibi harusi. Anayesimama pale ni mchoraji. Huyo ndiye wa kualikwa kituoni, apewe kiti na chai, aulizwe anavyofanya kazi na aelezwe tunayoyaona sisi. Akianza kuandikisha wateja wiki moja kabla na kutoza zaidi kwa hina ya usiku kucha, hatapoteza kitu. Hata mikono yake mwenyewe itapona. Wachoraji wengi wana ukurutu vidoleni wasiojua umetoka wapi.

Bibi harusi wetu alipewa dawa ya kupaka ya kupunguza uvimbe, akaambiwa asiyapasue malengelenge, na arudi mara moja akivimba uso au akishindwa kupumua. Aliandikiwa katika kadi yake, kwa herufi kubwa, asitumie rangi ya nywele yenye PPD maisha yake yote. Walipokuwa wakiondoka, shangazi alisimama mlangoni akauliza kama harusi ya mdogo wake ni Jumapili ya mwezi ujao, hina ipakwe lini. Tukahesabu pamoja kwa vidole. Ijumaa, tukakubaliana, na asubuhi, ili ipate kulala.