Siku moja Kalemie ni haki yetu, hapana zawadi

Wandugu wachimbaji wa Bendera, na ninyi bamama na batoto mulio nyumbani,

Watu wa Ulaya wakienda Marseille, mji wa Ufaransa kandokando ya bahari ya Mediterania, wanapanga siku yao mbele ya kufika. Asubuhi wanatembea bandari ya zamani kuona wavuvi wanauzisha samaki, kiisha wanapanda mpaka kanisa la Notre-Dame de la Garde, halafu wanakaa mezani mbele ya bouillabaisse. Leo ile supu ni ya watu wenye pesa. Zamani ilikuwa paka chakula cha wavuvi masikini, samaki wenye mifupa mingi waliokosa munuzi.

Sisi hatuna pesa ya ndege. Lakini tuko na ziwa, na kuna batoto wa hapa Bendera wenye miaka kumi hawajaliona. Wengine watasema: sendika imekosa kazi sasa, inaleta mambo ya kutembea? Tunajibu: hii njo kazi ya sendika.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema masaa 45 kwa juma, na pumziko la masaa 48 ya kufuatana. Wangapi kati yetu wanayapata? Wakubwa wa kazi wanatupatia siku ya Mungu peke yake, na mara nyingine hata hiyo inakatwa. Na siku moja haitoshi. Barabara ya Kalemie inapita kilomita mia moja, na wakati wa mvua kila mutu anajua lori inalala wapi. Ukiwa na siku moja tu, unaimaliza kwa nganda ya karibu, na mama anabaki na deni.

Kwa hiyo mpango wetu ni huu. Siku ya tano kazi iishe saa sita, na yale masaa tuyalipe mu siku za mbele. Lori itoke mchana, tulale kwa ndugu Kalemie. Kila mutu mukubwa abebe karte yake ya uchaguzi, juu ya barieri.

Siku ya posho, saa kumi na mbili asubuhi, twende kwanza mahali Lukuga inatoka mu ziwa. Ziwa lote la Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halina mlango mwingine wa kutokea. Yale maji yanaenda Lualaba, kiisha mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Hakuna mwalimu anaweza kulifundisha hilo kwa ubao kuliko kusimama pale. Batoto wasiingie majini, mamba haulizi wewe ni mugeni ao hapana.

Toka pale, gari la moshi na bandari. Reli ilifika hapa 1915, wakati mji uliitwa Albertville. Mwaka ule ule Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa nchi kavu kutoka Afrika ya Kusini, kupigana na Wajerumani mu ziwa. Na vita ile njo ilizamisha meli ambayo leo inaitwa Liemba. Usipige picha bandarini mbele ya kuomba ruhusa.

Saa sita ni kula, na hapa tusiwe na haraka. Mukebuka wa kukaanga, na kuhe wa kuchoma kwa wale wenye mfuko mzuri. Samaki hawa wawili ni wa Tanganyika tu. Hata yule tajiri wa Marseille hawezi kuwapata kwake. Bukari ya mihogo, sombe, pilipili pembeni. Ndagala wakavu tununue sokoni kabla ya jua kushuka, tupeleke nyumbani. Pesa ya safari ishikwe na mama. Tunajua namna franka za wababa zinatembea zikiona chupa.

Magharibi tukae kandokando ya maji, tuone mji ukiwasha taa. Ule umeme unatoka kwetu, kwa mtambo wa Bendera, mto Kyimbi. Wengi wetu tunalala gizani kandokando ya nguzo zake. Ni vizuri batoto waone unaangaza nini, na waanze kuuliza.

Siku ya Mungu, wanaosali wasali misa ya kwanza, kiisha lori irudi mchana.

Kwa wale wa mashimo ya kienyeji, wasio na mukubwa wa kazi: sheria ya migodi inawataka muwe ndani ya koperative. Basi koperative ipange juma moja kwa mwezi ambalo mashimo yote yanafungwa siku ya posho, wote pamoja, hivi hakuna mutu ataogopa mwenzake kumuibia mawe. Sisi tutapeleka maneno ya siku ya tano na ya lori kwa wakubwa, mu mkutano wa mwisho wa mwezi. Kila familia ituletee mbele ya pale majina ya batoto wasioona ziwa. Wale njo watapanda kwanza.