Msitu wa kioo sebuleni: Nani aishi humo?

Watoto wa siku hizi wanaona mengi kwenye simu. Mojawapo ni lile sanduku kubwa la kioo lililopandwa mimea ya msitu wa mvua, lenye ukungu na kijito kidogo, na chura wa rangi kali ametulia juu ya jani. Akishaliona, ombi ni moja: "Na sisi tutengeneze!"

Mzazi, unaweza kukubali. Ila kabla ya kuuliza mnyama gani anapendeza, jiulize nyumbani mnaishi na nani.

Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 5, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, achana na mijusi, kobe, nyoka na vyura. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonella bila wenyewe kuugua, hata wakionekana wasafi. Kwa mtoto mchanga bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu. Wala si lazima amshike mnyama. Mikono ya kaka yake inatosha. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo, wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, tangu mwaka 1975 kwa sababu ya watoto kuugua.

Familia ya namna hiyo ianze na mimea peke yake. Ukoka, mimea ya kutambaa na vijidudu vya kwenye majani yaliyooza vinamtosha mtoto kutazama kwa miezi.

Watoto wakiwa wakubwa, zingatia haya:

Joto. Vyura wadogo wa rangi wa Amerika ya Kati na Kusini hawavumilii joto la zaidi ya nyuzi 30. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, sanduku lisilo na ubaridi wa kutosha litawaua. Usiliweke dirishani juani.

Aina moja. Sanduku kubwa si ruhusa ya kuchanganya. Wanyama wa aina tofauti huambukizana magonjwa, hugombana na hata kulana. Kinyonga anataka kuishi peke yake, tena penye hewa inayopita; kioo kilichofungwa pande zote hakimfai.

Alikotoka. Chagua aliyezaliwa akifugwa, mwenye karatasi zake. Wale vyura wa rangi hupata sumu yao porini kutokana na sisimizi na utitiri wanaowala, hivyo waliozaliwa kwenye ufugaji hawana sumu hiyo. Usimtume mtoto akaokote kinyonga au chura porini. Kwa sheria za Tanzania, kumiliki mnyamapori kunahitaji kibali.

Na kufuga si jambo rahisi. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alipoanza kupungua kwenye maporomoko yake huko kusini mwa Tanzania, mamia walipelekwa Marekani. Wengi walikufa mikononi mwa wataalamu kabla ya bustani za wanyama za Bronx na Toledo kufanikiwa kuwazalisha. Porini alitoweka kabisa, akaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kama wataalamu walihangika hivyo, sisi wa sebuleni tusikurupuke. Panda mimea kwanza, iache ishike mizizi wiki kadhaa, pima joto kila siku, ndipo umlete mnyama.

Akishafika, sheria za nyumba ni chache. Kila anayegusa sanduku anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vyombo vya mnyama visioshewe jikoni. Hakuna kumbusu wala kula karibu naye.

Mtoto akiharisha, akipata homa na tumbo kumkata, mpeleke kituo cha afya na umwambie daktari kuwa nyumbani mnafuga mjusi au chura. Asipoambiwa, huenda asiliwaze hilo, na kwa mtoto mdogo kila saa ina maana.