MAONI YA WIKI: Njia ya pili kwanza, ruta baadaye

Mfanyabiashara wa Bujora anayepeleka mzigo Sengerema anajua faida ya kuwa na njia mbili. Aweza kuingia mjini Mwanza akapanda kivuko cha Kamanga, au akashika barabara ya Kisesa hadi Usagara na kuvuka Kigongo–Busisi, ambako daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa Juni 19, 2025. Dereva aliyeamriwa kupita Kamanga tu atalala foleni kivuko kikiharibika. Aliyepewa hiari atageuza gari.

Ndivyo zinavyosafiri taarifa za fedha kutoka tawi la benki hadi kompyuta kuu ya makao makuu. Zipo njia za kudumu, ambazo fundi huziandika kwa mkono ndani ya ruta, nazo hubaki hivyo mpaka azibadili mwenyewe. Zipo pia njia zinazojipanga, ambapo ruta hupashana habari na kuchagua njia zenyewe. Kwa utaratibu wa RIP hupashana kila sekunde 30. Kwa OSPF hutangaza mara tu njia inapobadilika. Kompyuta kuu za IBM zenye mfumo wa z/OS zaweza kutumia taratibu zote mbili, au kubaki na njia za kudumu.

Lipi bora? Ukurasa huu unaona kwamba swali hilo huulizwa kabla ya wakati wake. Tawi lenye waya mmoja halina cha kuchagua. Njia ya kudumu inalitosha, ni rahisi, na haihitaji fundi wa gharama. Kulifungia njia zinazojipanga ni kumpa dereva hiari mahali penye barabara moja.

Mambo hubadilika makao makuu, penye nyaya mbili au zaidi. Hapo njia ya kudumu ina hatari yake: waya ukikatika mbali, ruta ya karibu yaweza isijue, ikaendelea kutuma taarifa shimoni. Mnunuzi wa dagaa aliyeko Mwaloni alfajiri hana muda wa kumsubiri fundi aamke. Hapo njia zijipange, na kompyuta kuu ipewe anwani isiyofungwa kwenye kadi moja ya mtandao, ili kadi moja ikifa nyingine ipokee.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Kosa la ruta moja huweza kusambaa kwa nyingine zote, hivyo ruta zipeane nywila kabla ya kuaminiana.

Somo kubwa tulilipata Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini. Ruta hodari haikuweza kuchagua njia ambayo haikununuliwa.

Kwa hiyo mwenye hisa chache za benki asione haya kusimama katika mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza mambo matatu. Je, kompyuta kuu ina njia mbili? Je, njia hizo zinapita mitaro tofauti, au zimelazwa katika mtaro mmoja ambao jembe moja litazikata zote? Na je, ni lini mara ya mwisho waya mmoja ulichomolewa makusudi ili kuona kama wa pili unabeba mzigo?

Wakurugenzi wakishindwa kujibu la pili, fedha za ruta mpya zisubiri.