Maziwa ya Mama na Kemikali za Viwandani: Tusimlaumu Mama, Tusimwachishe Mtoto

Kila zinapovuma habari za sumu ndani ya maziwa ya mama, wapo kati yetu wanaokimbilia kusema bora mtoto apewe maziwa ya kopo. Wengine husema ni uzushi mtupu. Sisi tunaona hakuna aliyesibu hapo, na anayebeba mzigo ni mzazi aliye kitandani na mtoto mchanga.

Kemikali zinazosemwa zaidi leo huitwa PFAS. Hutumika kwenye vikaango visivyoshika chakula, nguo zisizopitisha maji, mazulia na povu la kuzimia moto wa mafuta. Hazioozi. Zikishaingia kwenye maji na samaki humfikia binadamu, na baadhi yake hukaa katika damu miaka kadhaa. Mama humpitishia mtoto tumboni, kisha kwa maziwa.

Hilo la kupita kwenye maziwa wengi wameshalisikia. Lisilosemwa sana ni kuwa huenda kemikali hizi zinayapunguza maziwa yenyewe. Katika Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, wakaazi ni wavuvi kama sisi, ila wao hula pia nyama ya nyangumi, mnyama anayekusanya sumu nyingi za baharini. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliohusisha akina mama zaidi ya 1,100 wa huko, ulionesha kuwa kiwango cha PFOS, moja ya kemikali hizo, kikiwa maradufu katika damu ya mama, muda wa kunyonyesha ulikuwa mfupi kwa kiasi cha wiki sita.

Mtu anaweza kuuliza: si huenda ni kinyume chake? Maana kunyonyesha kwenyewe hupunguza kemikali mwilini mwa mama, kwa hiyo aliyenyonyesha kidogo uzazi uliopita hubaki nazo nyingi. Swali zuri. Lakini uhusiano ule ulionekana hata kwa waliozaa mara ya kwanza, ambao hawajawahi kunyonyesha. Na panya waliopewa PFOA wakiwa na mimba, matiti yao hayakukua sawasawa. Huo bado si uthibitisho wa mwisho kwa binadamu, lakini si wa kupuuzwa.

Wala jambo si la Wazungu peke yao. Tafiti za North Carolina na za Mexico zilikwishahusisha mabaki ya DDT na muda mfupi wa kunyonyesha, na DDT tunaijua: ilipulizwa katika nyumba za Unguja na Pemba wakati wa kampeni ya malaria ya miaka ya 1950 na 1960. Kwa upande wa bara, mabaki yake yamekutwa katika maziwa ya akina mama wa Arusha.

Sasa turudi majumbani. Mama akisema maziwa hayatoki, mume hununa, mavyaa husema hali vizuri au hataki matiti yalale. Huku ni kumdhulumu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kwa anayetaka kutimiza, na papo hapo ikamkalifisha baba chakula na mavazi ya mama, ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Aya hiyo husomwa sana nusu yake ya kwanza.

Kuacha kunyonyesha kwa hofu nako si dawa. Shirika la Afya Duniani bado linahimiza maziwa ya mama matupu miezi sita, kisha kuendelea pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi. Maziwa ya kopo hukorogwa kwa maji, na maji ya kisima kisichochemshwa na chupa isiyosafishwa vizuri humletea mtoto maradhi ya kuharisha ndani ya siku chache. Maziwa yakipungua, mama apelekwe kwa mkunga au kituo cha afya mapema, mtoto apimwe uzito.

Na wakikubaliana mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwengine, sharia imeruhusu. Ila jina la aliyenyonyesha liandikwe na familia zote mbili zijue, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafi, kunyonya mara tano kabla ya miaka miwili kunamfanya mama wa kunyonya, na wanawe ni ndugu wasiooana na mtoto huyo.