Barafu Si Uwanja wa Kuruka Tu

Kila mashindano makubwa ya kuteleza kwenye barafu yanapofika, wimbo ni ule ule: kuruka ndiyo michezo, miondoko ni pambo. Mizunguko ya hewani inahesabika, wanasema; nne ni nne, tatu ni tatu. Usanii ni ladha, na ladha haina mizani. Basi ushindi apewe anayeruka, na anayetaka kucheza dansi aende kwenye maonyesho. Hoja hii ina sura ya busara, lakini ukiigusa inabomoka.

Tuanze na hizo hesabu zinazosifiwa. Katika jedwali la alama lililoanza kutumika 2018, mruko wa Lutz wa mizunguko minne una thamani ya 11.50. Mchezaji akiimaliza mizunguko yote hewani kisha akatua kwa makalio, majaji wote wakampa adhabu ya juu kabisa na akakatwa alama moja ya kuanguka, bado anaondoka na 4.75. Sehemu iliyotengwa kwa ubunifu wa miondoko, ambapo anatumia uwanja mzima kuitikia muziki, thamani yake ya kuanzia ni 3.00. Zipo alama nyingine za utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, lakini zimewekewa dari: kwa wanaume ni karibu 100 katika programu ndefu. Alama za vipengele vya kiufundi hazina dari. Sasa kocha mwenye kijana wa miaka 13 atatumia wapi saa zake za mazoezi? Jibu amekwisha kupewa na jedwali. Halafu tunashangaa kwamba programu zinafanana kama sare za shule.

Na hiyo mizani ya kuruka nayo imeshikwa na binadamu. Ni macho ya watu yanayoamua, hata wakirudia picha polepole, kama mzunguko umepungua robo. Ni majaji wanaotoa alama kati ya -5 na +5 kwa ubora wa kila mruko. Anayekubali jicho la jaji kwenye kutua hana sababu ya kulikataa kwenye utunzi.

Watatukumbusha Olimpiki ya Salt Lake City 2002, ambako kashfa ya majaji iliishia kwa jozi mbili kupewa dhahabu. Ile haikuwa ladha kukosa mizani. Yalikuwa madai ya kubadilishana kura, na jaji wa Ufaransa pamoja na mkuu wa shirikisho lake walifungiwa miaka mitatu. Mwamba ngoma huvutia kwake, iwe ngoma ya sanaa au ya miruko.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani sanaa ni kitu cha kupakwa juu ya ufundi. Tazama chuma cha kiatu cha barafu: chini kina mfereji, na pembeni makali mawili. Kuinama sana juu ya kali moja, kwa mwendo wa kasi, kisha kugeuka na kuhamia kali la pili muziki unapogeuka, bila kukwangua barafu, ni kazi ya miaka. Huo ni ufundi, na ndiyo sanaa yenyewe.

Olimpiki ya Sarajevo 1984, jozi ya dansi ya barafu, Jayne Torvill na Christopher Dean, walikuwa na muziki wa Boléro uliozidi muda wa dakika 4 na sekunde 10 ulioruhusiwa. Lakini saa ilianza kuhesabu pale chuma kilipogusa barafu. Basi wakaanza wakiwa wamepiga magoti, miili ikiyumba, viatu havijagusa kitu. Kikwazo cha kanuni kikawa mwanzo usiosahaulika, na majaji wote tisa wakawapa 6.0 ya sanaa.

Tena ugonjwa huu wa kuabudu kinachopimika si mpya. Zamani kilichotawala kilikuwa kuchora maumbo kwenye barafu, huku majaji wakiinama kukagua mistari. Nacho kilipimika! Sapporo 1972, Beatrix Schuba alitwaa dhahabu kwa maumbo hayo, ingawa katika programu huru alikuwa wa saba. Janet Lynn, aliyeongoza programu hiyo, akaambulia shaba. Watazamaji wa televisheni hawakuelewa, na walikuwa na haki. Uzito wa maumbo ukapunguzwa, na baada ya 1990 yakaondolewa kabisa katika mashindano ya kimataifa. Mchezo haukufa.

Sidai miruko ifutwe. Ilia Malinin alipotua mruko wa Axel wa mizunguko minne mwaka 2022, aliufungua mlango uliokuwa umefungwa, na anastahili malipo yake. Ninachodai ni bei ya haki: sehemu ya ubunifu ipandishwe thamani, dari ya alama za utunzi ipae pamoja na miruko, na wawepo majaji wanaotazama utunzi peke yake, kwa sababu jicho linalohesabu makosa ya kutua haliwezi papo hapo kufuata hadithi ya programu nzima.

Wanaoshikilia kwamba sanaa ni pambo nao wawe wakweli hadi mwisho: wadai muziki uzimwe. Hawatathubutu, maana wanajua ukumbi utabaki na majaji na makocha tu.