Faini Isiyouma Si Adhabu, Ni Bei

Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwezi uliopita niliushuhudia msumeno huo ukifanya kazi, nami nikiwa miongoni mwa waliokatwa. Sina budi kukiri kosa langu kwanza, maana mwalimu afichaye kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi. Niliendesha gari kwa kasi ya kilomita 68 kwa saa mahali ambapo sheria inaruhusu kilomita 50. Nilinaswa na kamera ya polisi, nikaitwa kortini, nikakubali mashtaka.

Tulipanda kizimbani watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kosa letu likiwa moja na kasi zetu zikikaribiana. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara tajiri. Wa pili nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa kijana wa kuajiriwa, dereva wa pikapu ya kubebea mboga. Hakimu hakumbagua yeyote. Kila mmoja wetu alitozwa Sh10,000, kiwango kilichowekwa na kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka wa 2016 kwa mtu anayepita kasi iliyoruhusiwa kwa kilomita 16 hadi 20.

Tajiri alilipa kwa simu yake ya mkono, akaondoka akiendelea na mazungumzo ya biashara. Mimi nililipa huku nimekunja uso. Kijana alishushwa selini kungoja jamaa zake wachange. Tulipokuwa tukisubiri kuitwa alikuwa amenieleza kwamba mwajiri wake humlipa Sh800 kwa siku.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anaiweza. Kwa kijana yule, Sh10,000 ni ujira wa siku 12 na nusu. Kwangu mimi, ni mshahara wa siku mbili hivi. Kwa yule tajiri, yamkini ni pato la muda wa kunywa kikombe cha chai. Wala mambo hayakomei hapo. Kwa anayeshindwa kulipa faini ya kiasi hicho, Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kwa hiyo kosa lile lile laweza kumgharimu mmoja dakika chache na mwingine miezi mitatu ya maisha yake. Je, huo ndio usawa?

Kazi yangu ni lugha, na msomaji aniwie radhi nikiyatazama maneno kidogo. Katika Kiswahili, kumwadhibu mtu ni "kumtia adabu". Adhabu na adabu ni maneno mawili tofauti, yote yakiwa na asili ya Kiarabu, lakini wasemaji wa lugha yetu waliyakutanisha kwa hekima: adhabu ina maana pale tu inapozaa adabu. Neno "faini" lilitufikia baadaye kutoka kwa Kiingereza, pamoja na korti za kikoloni, na hatukuliuliza swali hilo. Tulilipokea kama kiasi cha fedha tu. Na kiasi cha fedha ambacho mtu hulipa bila kuumia ili afanye atakalo tuna neno lake la siku nyingi, nalo ni "bei". Yule tajiri hakuadhibiwa. Alinunua ruhusa ya kwenda kasi, na bei ilikuwa nafuu.

Wapo waliolitambua jambo hili zamani. Nchi ya Finland ilianzisha faini za siku mwaka wa 1921, Sweden ikafuata mwaka wa 1931, na iliyokuwa Ujerumani Magharibi mwaka wa 1975. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Huko Finland, mapato ya mtu ya mwezi baada ya kodi hupunguzwa euro 255 za kujikimu, kisha kinachosalia hugawanywa kwa 60. Hiyo ndiyo thamani ya siku moja ya faini. Uzito wa kosa huamua idadi ya siku, na mfuko wa mkosaji huamua thamani ya kila siku. Mwaka wa 2023, tajiri mmoja mashuhuri, Anders Wiklöf, alipatikana katika visiwa vya Åland akiendesha gari kwa kilomita 82 mahali pa kilomita 50. Alitozwa euro 121,000, na leseni yake ikazuiliwa kwa siku 10.

Tuchukulie kwamba kosa letu sisi watatu lingehesabiwa kuwa la siku mbili za pato. Kijana angelipa Sh1,600. Mimi ningelipa Sh10,000 zile zile. Tajiri angelipa kiasi ambacho kingemfanya aikate simu yake kwanza. Sote tungepoteza siku mbili za jasho letu, na hakuna ambaye angelala selini kwa sababu ya umaskini.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na baadhi yazo ni nzito. Ya kwanza ni kwamba Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 27, inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Naam, lakini usawa hupimwa kwa kipimo gani? Mwalimu wa michezo akiwaamuru mtoto wa darasa la kwanza na kijana wa kidato cha nne wabebe gunia la kilo 50 kila mmoja, hatuwezi kusema amewatendea sawa kwa kuwa magunia yalilingana. Ni kweli kwamba mwongozo wa Mahakama kuhusu utoaji wa hukumu unawataka mahakimu wazingatie uwezo wa mkosaji wanapotoza faini. Lakini pale ambapo kiasi kimekwisha kuandikwa katika kanuni, hakimu amebakiziwa nini cha kupima?

Pingamizi ya pili ni kwamba tajiri hakomi hata akitozwa mamilioni. Nakubali kwamba ipo hoja hapo. Bwana Wiklöf huyo huyo alikuwa ametozwa euro 95,000 mwaka wa 2013 na zaidi ya euro 63,000 mwaka wa 2018. Sidai kwamba faini ya siku ni dawa ya kila mwendawazimu wa barabarani. Ndiyo maana sheria nzuri huishika leseni pamoja na mfuko. Ninachodai ni kwamba sheria ikiwa haiwezi kumkomesha mkubwa, haina ruhusa ya kumponda mdogo peke yake.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi: mapato ya Wakenya yatajulikanaje? Finland kila mtu anajulikana na ofisi ya kodi. Hapa kwetu, wengi wa wafanyakazi wako katika sekta ya jua kali, bila hati ya mshahara. Uingereza yenyewe ilijikwaa kwenye kisiki hiki. Ilianzisha faini za kulingana na mapato mwezi wa Oktoba 1992, na ikazifuta mwaka uliofuata baada ya vioja kadhaa, kikiwemo cha mtu aliyetozwa pauni 1,200 kwa kutupa pakiti tupu ya viazi vya kukaanga, kwa kuwa hakueleza mapato yake na korti ikamchukulia kuwa tajiri. Walakini Waingereza hawakulitupa wazo lenyewe. Waliporudi, walirudi kwa viwango vipana na ukomo uliowekwa. Tangu Aprili 2017, kosa baya kabisa la kasi huko huanzia kwenye asilimia 150 ya pato la mkosaji la wiki.

Na sisi tusijifanye hatujui kupima mapato. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na mama mboga huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake ili pato lake likadiriwe. Makadirio hayo yamelalamikiwa sana, tena kwa haki. Lakini ni ajabu iliyoje kwamba serikali inaweza kumkadiria muuza sukuma wiki inapotaka mchango wake, kisha inasema haiwezi kumkadiria mwenye majumba inapotaka kumwadhibu!

Kuna hofu ya mwisho, ambayo kila Mkenya anayepanda matatu anaifahamu. Faini ikiwa kubwa, hongo nayo hunenepa. Askari atakayemsimamisha tajiri anayekabiliwa na faini ya Sh500,000 atajaribiwa kuliko tunavyoweza kueleza. Jibu langu ni kwamba askari asiwe na mamlaka yoyote juu ya kiasi. Kazi yake iwe kurekodi kosa, nayo kamera imrekodi yeye. Hesabu ifanywe kortini, kwa kutumia rekodi za kodi, na malipo yasipitie mkononi mwa mtu.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa Bunge letu. Kwanza, makosa madogo kabisa yabaki na faini ndogo isiyobadilika, kama yafanyavyo Finland. Pili, kuanzia kiwango cha Sh10,000, kosa lihesabiwe kwa siku za pato, kukiwa na ngazi chache zinazoeleweka, na asiye na rekodi yoyote ya mapato awekwe kwenye ngazi ya chini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tatu, asifungwe mtu kwa kukosa faini kabla uwezo wake haujachunguzwa na kupewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo.

Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, barabara zetu ziliua watu zaidi ya 4,000. Sitaki mtu yeyote aidhanie makala hii kuwa utetezi wa madereva wa kasi, nikiwemo mimi. Tuadhibiwe, lakini tuadhibiwe sote.

Nilipokuwa nikitoka kortini alasiri ile, kaka wa yule kijana alikuwa amefika. Alizihesabu noti zake mara mbili mbele ya dirisha la karani, zikawa Sh3,400. Niliongeza nilichokuwa nacho mfukoni, nacho hakikutosha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sheria haifai kuwa mwenzio wa namna hiyo; kazi yake ni kuupima mzigo kabla ya kumtwika mtu.