Fahali Hapimwi kwa Mabega

Mwandishi aliyewashauri wafugaji wa Shorthorn wa Marekani wachague fahali wa kupandia mitamba kwa kutazama kichwa chembamba, mabega ya kubana na uzito wake alipozaliwa, amewapa nusu ya hesabu. Tena nusu iliyo dhaifu.

Uzito ule ni wa mnyama mmoja, siku moja. Ndani yake mna lishe ya mama, umri wake, hata baridi ya msimu. Makadirio ya kinasaba ya wepesi wa kuzaa huuingiza uzito huohuo, kisha huongeza rekodi za ndugu na watoto wa fahali. Kuuhesabu tena pembeni ni kuhesabu mara mbili. Na mabega? Uzito wa ndama ukishajulikana, umbo huongeza kidogo mno.

Kosa kubwa zaidi ni kuwasahau mabinti. Fahali mwenye ndama wepesi anaweza kukuachia majike wanaotaabika wenyewe wakizaa. Ndiyo maana kuna makadirio ya pili, ya upande wa mama. Mwandishi hakuyagusa. Wala hakuutaja PHA, ugonjwa wa kurithi katika Shorthorn: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, ndama anaweza kuvimba kwa maji hadi ashindwe kupita. Mbebaji huonekana mzima kabisa. Jicho la mnadani halimjui. Kipimo cha vinasaba humjua.

Halafu kuna mtamba mwenyewe. Akipandishwa kabla ya kufikia takriban asilimia 65 ya uzito wa utu uzima, usimlaumu fahali.